Miguu ya Mwongozaji: Namna ya Kupima Uongozaji wa Wageni katika Vivutio Visivyovuma vya Iringa na Mbeya

Uongozaji wa wageni katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania umeanza kusifiwa kwa vigezo visivyostahili, na sifa hizo zinaiharibu kazi yenyewe. Husifiwa mwongozaji mchangamfu anayezungumza tangu garini hadi kileleni. Husifiwa anayejua kuwapanga wageni kwa ajili ya picha. Husifiwa anayemaliza vivutio vya Iringa kama Isimila, Kalenga na Gangilonga kabla ya chakula cha mchana, na wepesi huo wa kumaliza huhesabiwa kuwa umahiri. Anayenyamaza kwa dakika chache pembeni mwa korongo ili wageni waangalie wanachokaribia kukikanyaga huambiwa hana maneno, na anayekataa kumpa mgeni jiwe la kwenda nalo nyumbani huambiwa ana roho mbaya. Sifa zikiendelea kugawiwa hivyo, vijana wanaoingia katika kazi hii watajifunza kupendeza badala ya kuongoza, na maeneo ambayo yamedumu kwa maelfu ya miaka bila mlinzi yatachakaa katika kizazi kimoja chini ya uangalizi wa watu wanaosifiwa.

Kwa uongozaji hapa haikusudiwi kazi ya kuendesha gari wala ya kubeba mizigo, ingawa mtu mmoja anaweza kuzifanya zote. Unakusudiwa ufundi wa kumfikisha mgeni mahali kwa saa inayofaa na kwa njia inayofaa, kisha kumwezesha kuona kilichopo bila kukipunguza. Kivutio kisichovuma, kwa upande wake, ni mahali ambapo thamani yake haijitangazi yenyewe. Mgeni aliyesimama kwenye ukingo wa Ngorongoro hahitaji kuambiwa kwamba yuko mbele ya kitu kikubwa, lakini mgeni aliyesimama Isimila bila mwongozaji mzuri anaweza kukanyaga shoka la mkono lililochongwa kabla ya kuwapo kwa mji wowote duniani, akalisogeza kwa ncha ya kiatu, akapita. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kauli hiyo ni kweli kwa bidhaa za sokoni. Katika korongo lenye ukimya kizuri hakijiuzi, na ndiyo maana mwongozaji hupimwa kwa ukali zaidi huko kuliko katika hifadhi zinazojulikana dunia nzima.

Vigezo vya kwanza ni vyepesi na havihitaji maelezo marefu. Mwongozaji mzuri huchagua saa. Isimila huangaliwa alasiri, mwanga unapokuja kwa ubavu na kuonyesha makovu ya kuchongwa juu ya jiwe, kwa kuwa jua la saa sita mchana hulifanya kila jiwe lionekane bapa. Ziwa Ngozi huendewa asubuhi, kabla mawingu hayajaukalia mlima. Uwanda wa Kitulo huendewa wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hata kama njia ni tope, kwa sababu maua ya okidi hayachanui kwa kuwahurumia wenye viatu safi. Atakayempeleka mgeni huko Agosti na kumwambia kwamba ameiona Bustani ya Mungu, jina ambalo wenyeji wameipa Kitulo, amemwonyesha nyasi. Mwongozaji mzuri pia hutaja gharama zote kabla ya safari kuanza, na hutofautisha waziwazi kati ya kinachojulikana kwa utafiti, kinachosimuliwa na wazee na anachodhani yeye mwenyewe. Pale Isimila, kwa mfano, bado husikika kadirio la zamani la umri wake, takriban miaka 60,000, ilhali vipimo vya mifupa vilivyochapishwa mwaka 1972 vilirudisha umri wa eneo hilo hadi kwenye takriban miaka 260,000. Mwongozaji anayestahili heshima hutaja makadirio yote mawili na kueleza kwa nini la pili lilichukua nafasi ya la kwanza.

Hayo yote, hata hivyo, yanaweza kukaririwa. Saa bora zinaweza kusomwa kitabuni, tarehe zinaweza kuhifadhiwa kichwani, na uchangamfu unaweza kuigwa. Kuna jambo moja lisiloigwa kwa urahisi, na ambalo mgeni asiye mjuzi hulikosa karibu kila mara kwa sababu macho yake yamefungwa kwenye mdomo wa anayesema: jambo hilo ni miguu ya mwongozaji. Mjuzi wa ufundi huu huitazama miguu tangu hatua ya kwanza, huangalia inakanyaga wapi, inasimama wapi, inageukia wapi na inarudi kwa njia ipi, na mara nyingi huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya maneno ya ufunguzi kumalizika.

Sababu ya kuipa miguu uzito huo ni ya kawaida kabisa. Watu wanaotembea kwa mstari katika eneo wasilolijua hukanyaga alipokanyaga aliyetangulia, hata kama wameambiwa kwa maneno wakanyage kwingine, kwa kuwa maneno husahaulika njiani ilhali unyayo uko mbele ya macho. Mwongozaji akisema kwamba zana za mawe zisikanyagwe, huku yeye mwenyewe akikata njia juu ya tabaka la udongo zilimolala, wageni ishirini walio nyuma yake watapita hapohapo, na kesho watapita wengine, na kabla ya masika kurudi njia mpya itakuwa imeonekana. Mguu wa mwongozaji ndio unaotunga sheria ya eneo. Mdomo wake huisoma tu, wakati mwingine kwa makosa.

Isimila ndipo mahali pafaapo zaidi kujifunza kuitazama. Eneo hilo liko takriban kilomita 20 kutoka mjini Iringa, karibu na barabara kuu iendayo Mbeya, na ni korongo kavu ambalo maji ya mvua yamelichimba katika matabaka ya udongo na mchanga yaliyotuama zamani mahali palipokuwa na maji. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, D. A. MacLennan, aliokota humo zana za mawe, na mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell pamoja na wenzake walifanya uchimbaji ulioliweka jina la Isimila katika vitabu vya akiolojia, yaani elimu ya kusoma maisha ya watu wa kale kutokana na mabaki yao. Zana zake ni za aina ya Acheul, jina lililotokana na Saint-Acheul nchini Ufaransa, na miongoni mwake yamo mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa pande zote mbili hadi yakawa na ncha upande mmoja na kitako cha kushikia upande wa pili, pamoja na zana za kukatia zenye makali yaliyonyooka. Ilipatikana pia mifupa ya kiboko wa jamii iliyotoweka, ambaye macho yake yaliinuka juu ya fuvu kupita ya kiboko wa leo.

Mwongozaji mahiri anaposhuka katika korongo hilo, miguu yake hufuata mchanga ambao maji yamekwisha kuuosha, kwa kuwa kilichopo hapo kimekwisha kuhamishwa na mvua na hakina tena cha kupoteza. Hapandi kwenye kingo zinazobomoka. Anapofika kwenye zana zilizojitokeza, husimama hatua mbili kabla, akawaacha wageni wasogee wenyewe na kusimama naye kwa safu, kisha huchuchumaa, akaweka kiganja chake kando ya jiwe bila kuligusa, ili ukubwa wake uonekane kwa kulinganishwa na mkono wa mtu. Asiye mahiri huinama akiwa bado anatembea, huliokota jiwe la kwanza lililo karibu, hulipitisha mkono kwa mkono, na anapomaliza hulirudisha popote, mara nyingi kwa kulitupa. Lakini thamani ya zana ya kale imo katika jiwe na imo vilevile katika mahali pake: tabaka liliko, upande uliokuwa juu, na mawe mengine lililolala nayo. Jiwe lililohamishwa ni zuri bado, ila limenyamaza.

Kwa zana zilizokwisha kuwekwa kwa ajili ya kushikwa na wageni, upo mtihani mdogo unaoweza kumtenganisha fundi na mwigaji kwa muda mfupi sana. Jiwe lililokaa mahali kwa muda mrefu huacha alama yake chini: udongo ulio chini yake una unyevu kidogo na ni mweusi kuliko udongo unaouzunguka, na mipaka ya alama hiyo hufuata umbo la jiwe. Mwongozaji mahiri, hata anapokuwa katikati ya sentensi, hulirudisha jiwe ndani ya alama hiyo, upande uleule ukiwa juu, ncha ikielekea ilikokuwa ikielekea, kisha hulisukuma kidogo kwa kidole hadi liketi. Hatangazi anachofanya, na wageni walio wengi hawakioni, kwa sababu wakati huo wanaangalia simu zao. Kitendo hicho cha kidole kina uzito kuliko hotuba nzima kuhusu zama za mawe, kwa kuwa hakifanywi na mtu asiyeamini kwamba jiwe hilo lina pahala pake.

Miguu husomwa pia katika sehemu ya pili ya Isimila, ambako mmomonyoko umeacha nguzo za udongo na mchanga zilizosimama kwa kimo cha mara kadhaa ya mtu, baadhi zikiwa zimebeba vipande vya mwamba mgumu vilivyozikinga zisiyeyuke pamoja na udongo uliozizunguka. Njia ya kuzifikia ina mapindo, na hapo ndipo waongozaji wengi wanaosifiwa huanguka. Mwongozaji mbaya hutangulia, hufika mbele ya nguzo, hugeuka, na kuanza kueleza, kiasi kwamba mgeni anaziona nguzo hizo kwa mara ya kwanza zikiwa nyuma ya bega la mtu. Mzuri hupunguza mwendo kabla ya pindo la mwisho, husogea pembeni kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na humwacha mgeni apite mbele ili akutane na nguzo peke yake. Maelezo huja baadaye, yakihitajika. Kanuni hii haivunjwi: mwongozaji hasimami kamwe kati ya mgeni na kile alichokuja kukiona.

Kanuni hiyohiyo husafiri kutoka Iringa hadi Mbeya. Kwenye Kimondo cha Mbozi, ambacho sasa kiko katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mwongozaji asiyejua kazi humpeleka mgeni moja kwa moja hadi kwenye chuma, humwambia kina takriban tani 16, na humruhusu akipande apigwe picha. Anayejua kazi humzungusha kwanza kwenye ukingo wa shimo, kwa mwendo wa polepole, hadi mgeni mwenyewe aone kwamba chini ya kimondo kumeachwa nguzo na kwamba mtaro uliokizunguka ulichimbwa na watu baada ya kutambuliwa rasmi mwaka 1930. Hapo ndipo swali la maana hujitokeza, yaani kwa nini hakuna shimo kubwa lililochimbwa na anguko lenyewe, na mgeni aliyeuliza swali hilo kwa kinywa chake ameongozwa vizuri kuliko aliyeambiwa majibu kumi. Humwonyesha pia mahali ambapo wenye tamaa walijaribu kukata vipande, kwa kuwa makovu hayo ni sehemu ya historia ya kimondo kama zilivyo tani zake.

Katika Uwanda wa Kitulo, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,600, miguu hupimwa kwa ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa huko kinachofaa kuonwa kiko chini ya viatu. Okidi nyingi za uwandani ni fupi, na zile ambazo bado hazijachanua hufanana na nyasi. Mwongozaji bora hutembea kwa kuruka kutoka jiwe hadi jiwe au kushika njia iliyokwisha kukanyagwa, na anapotaka kuonyesha ua hupiga goti nyuma yake, si mbele, ili kivuli chake kisilifunike. Hueleza pia jambo ambalo wapenda picha hawalitaki, nalo ni kwamba viazi vya okidi vimechimbwa kwa miaka mingi na kupelekwa Zambia, ambako huchemshwa na unga wa karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Kumficha mgeni habari hiyo ili asiharibikiwe na furaha ni udanganyifu.

Hata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, kuna sehemu tulivu zinazohitaji jicho hili, ingawa huko miguu imegeuka kuwa magurudumu. Mwongozaji wa sifa za bure hukimbiza gari kutoka simba hadi simba kwa kufuata simu za redio. Mwongozaji wa kweli huegesha kando ya mto wa mchanga kama Mwagusi wakati wa kiangazi, huzima injini, na hungoja hadi tembo waje kuchimba mchanga kwa mikonga na miguu wakitafuta maji yaliyo chini. Kuzima injini ndiyo hatua yake ya kwanza, na anayesita kuizima kwa kuogopa kwamba wageni watachoka hajawaamini wageni wake wala wanyama wake.

Walaghai wa kazi hii wana mbinu zinazojirudia, na ni vyema zikatajwa. Ipo ya maji. Penye michoro ya miambani, kama ile ya Igeleke iliyo nje kidogo ya mji wa Iringa, rangi nyekundu iliyofifia huweza kung'aa kwa muda mfupi ikimwagiwa maji, na picha zikatoka vizuri. Mwagaji hupongezwa papo hapo. Lakini maji hayo huyeyusha chumvi zilizo ndani ya mwamba, nazo zinapokauka juu ya uso huacha utando mweupe unaokula mchoro kidogo kidogo. Anayebeba chupa ya maji mkononi akikaribia michoro atazamwe kwa makini sana. Ipo ya jiwe jipya, ambapo mgeni huuziwa "shoka la kale" lililogongwa juzi. Makovu yake ni makali na yana rangi mbichi ya ndani ya mwamba, tofauti na zana ya kweli ambayo uso wake wote umechukua rangi moja kwa kukaa. Na lau lingekuwa la kweli, basi kosa lingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu hivyo. Ipo pia ya hadithi inayohamishwa: habari ya mali ambayo Wajerumani waliizamisha majini husimuliwa kuhusu ziwa la Masoko, kusini mwa mji wa Tukuyu, ambako walikuwa na kambi, lakini mlaghai huibeba hadi kwenye kila dimbwi la Rungwe, na mgeni wa siku tatu huisikia mara tatu kwa maziwa matatu.

Mbinu mbaya kuliko zote ni ya ukungu. Ziwa Ngozi limo ndani ya kreta, yaani bonde la duara lililoachwa na volkeno, katika milima ya Uporoto, na ili kuliona ni lazima kupita msitu wenye mianzi na kupanda mteremko mkali wenye mizizi na utelezi hadi kwenye ukingo mwembamba, maji yakiwa mbali chini. Husimuliwa kwamba yuko aliyekuwa akiwachukua wageni siku ya mawingu mazito, akawapandisha hadi pahala palipo chini ya ukingo wenyewe, akawaonyesha weupe mtupu na kuwaambia kwamba ziwa liko papo hapo chini yake. Walimlipa, wakamshukuru, na wakaenda kuwasimulia wenzao kuhusu utukufu wa ukungu wa Ngozi. Husimuliwa pia habari ya mzee mmoja wa upande wa Isongole, kijiji kilicho kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu, ambaye siku kama hiyo aliutazama mlima akiwa bado kando ya lami, akawaambia wageni kwamba leo hakuna ziwa, warudi kesho alfajiri, naye akaenda shambani kwake bila ujira wa siku ile. Walioudhika walimwita mvivu. Kwa kipimo cha ufundi, mzee huyo aliongoza vizuri kuliko wote waliopanda siku hiyo, kwa kuwa kujua wakati wa kutokwenda ni sehemu ya kujua njia.

Umahiri wa aina hiyo umeshawahi kuifikia sayansi yenyewe. Mapema mwaka 2003 watafiti Tim Davenport, Noah Mpunga na wenzao, waliokuwa wakifanya kazi katika Mlima Rungwe na misitu ya Kitulo, waliwasikiliza wawindaji wa Kinyakyusa waliotaja nyani mwenye haya aitwaye kipunji, na badala ya kuihesabu habari hiyo kuwa hadithi tu, waliifuata msituni. Kipunji akatangazwa mwaka 2005 kuwa spishi ambayo sayansi haikuwa imeiandika, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe (jenasi ni kundi la spishi zenye ukoo wa karibu), iitwayo Rungwecebus. Wawindaji wale hawakuwa na beji wala sare. Walijua mahali pa kusimama na muda wa kungoja, na huo ndio uongozaji.

Ustadi unaostahili kufananishwa na huo hupatikana Kalenga na Lugalo, ambako kinachoongozwa ni kumbukumbu ya watu. Fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani na kupokelewa na wajukuu zake mwaka 1954, liko katika makumbusho ya Kalenga, na mwongozaji asiye na adabu humwingiza mgeni moja kwa moja hadi kwenye kioo, hupiga kelele za tarehe, na kutoka. Mwenye adabu huanzia nje, kwenye mahali ilipokuwa ngome iliyotekwa Oktoba 1894, humfanya mgeni aone ardhi ambayo Mkwawa aliipigania kwa karibu miaka minne zaidi hadi kifo chake Julai 1898, na anapoingia ndani hupunguza sauti na kurudi nyuma hatua moja. Lugalo nako, mnara wa kumbukumbu uliojengwa na Wajerumani huwakumbuka askari wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski waliouawa tarehe 17 Agosti 1891. Mwongozaji stadi hamwachi mgeni akiutazama mnara tu. Humgeuza aangalie vichaka na miinuko ambamo Wahehe walijificha, kwa kuwa ushindi ulipatikana huko. Miguu inayobaki imeelekea mnara imesimulia vita hivyo kwa mdomo wa walioshindwa.

Yako mambo mengine ambayo hayahitaji kutetewa kwa hoja, na yanatosha kutajwa. Kundi linalozidi watu sita halifai kwa kivutio tulivu. Mwongozaji haonyeshi kitu kwa fimbo. Muziki hauchezwi, hata kwa sauti ndogo. Chakula hakiliwi ndani ya eneo lenyewe. Ziara haianzi kwa takwimu. Katika vijiji vya njiani salamu hutangulia kila kitu, shikamoo kwa wazee na kamwene kwa Wahehe, na anayepita mbele ya nyumba za watu bila kupiga hodi hafai kuaminiwa mbele ya makaburi yao. Na kule Ikombe, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyopelekwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, mgeni huketi kwanza na kutazama mikono ya mfinyanzi kabla ya kuuliza bei.

Ni haki pia kukumbuka kwamba kazi hii ilipata kuwa na watu wa namna nyingine. Kabla haijawa ajira ya vijana wenye vitambulisho, wageni wengi wa Nyanda za Juu waliongozwa na walinzi wa misitu, walimu wa shule za msingi na wazee wa vijiji, watu ambao waliishi na maeneo hayo mwaka mzima na waliotembea kwa mwendo wa mtu anayerudi kwake. Mgeni alilala Tukuyu au Iringa usiku mmoja zaidi kwa sababu hakukuwa na namna ya kumaliza kila kitu kwa siku moja, na mwongozaji hakuwa na haraka kwa sababu hakulipwa kwa idadi ya vituo. Mafunzo ya leo yana faida zake, yakiwemo lugha za kigeni na huduma ya kwanza, lakini hayajaweza kufundisha mwendo ule, na mwendo ule ndio uliokuwa shule.

Inafaa, kwa hiyo, mambo mawili yabadilike. Wanaowapima waongozaji wa Iringa, Mbeya na Songwe wawapime ndani ya korongo na msituni, wakiwatazama kwa nyuma, badala ya kuwaketisha darasani na kuwauliza tarehe. Na anayepoteza alama kwa kusahau mwaka apewe nafasi ya pili, lakini anayekanyaga zana asipewe. Wageni nao watumie vizuri kitabu cha wageni, daftari linalowekwa kwenye lango la vivutio vingi, ambalo hadi sasa limejazwa sifa za ucheshi. Humo iandikwe mahali mwongozaji aliposimama, muda alioungoja, alichokataa kukifanya, na kama jiwe alilolinyanyua lilirudi ndani ya alama yake. Kitabu kikijaa maelezo ya aina hiyo kwa misimu michache, waajiri watajua wamtafute nani, vijana watajua wamwige nani, na bakshishi itaanza kuwafikia wale ambao kwa sasa huambiwa hawana maneno.